Ingine Umepeleka Wapi?

Filamu ilipoisha watu walipiga makofi. Tulikuwa kama hamsini, kwenye viti vya plastiki, katika ukumbi wa shirika moja hapa Bujumbura, na fanta zilikuwa zimeanza kugawiwa. Bibi mmoja wa Baraka, ambaye uso wake ulikuwa umejaa ukuta mzima dakika chache kabla, hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa anamsikiliza mjukuu wake. Huyo mjukuu yuko mwaka wa saba shuleni hapa mjini, kwa hiyo ndiye aliyekuwa anamsomea bibi yale maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha. Bibi akaniita kwa mkono. Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake.

"Mutoto wangu," akasema, "siku ile mimi nilisema mingi. Hapa wameandika fupi. Ingine umepeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mjukuu alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Naandika makala hii kwa sababu swali la bibi halijaniacha, na kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma jarida hili, nyinyi wa kambini na nyinyi wa mashirika, mmewahi kukaa upande mmoja au mwingine wa kamera.

Mimi ni mkimbizi wa mjini. Nilitoka Uvira, naishi Buyenzi, kati ya magereji na kelele za nyundo. Dada yangu yuko kambi ya Bwagiriza, ndiye anayenipelekea jarida. Kazi yangu ni ukalimani: hospitali, maofisini, na mara moja moja kwa wapiga filamu. Wale waliokuja safari ile walikuwa watatu: mwongozaji, mpiga kamera, na kijana wa mikro yenye manyoya. Hawakuwa watu wabaya. Siku ya kwanza mwongozaji alinieleza mtindo wao. Filamu yetu, alisema, haitakuwa na msimulizi. Hatutaki kuwasemea watu. Tutaangalia tu, maisha yaseme yenyewe. Niliipenda hiyo. Nilisema moyoni, hawa afadhali.

Siku ya tatu tulikwenda ziwani. Bibi alivuka Tanganyika Januari 2018, wakati vita vya Fizi viliposukuma maelfu ya watu kwenye mitumbwi mpaka Rumonge na Nyanza-Lac. Mwongozaji alitaka picha ya kufika. Rumonge ni mbali na mafuta ni shida, basi tukafanyia ufukweni hapa hapa Bujumbura. Ziwa ni lile lile, alisema. Wakaazima godoro kwa jirani, wakamwomba bibi alitie kichwani atembee kutoka majini. Bibi akasema: "Mimi sikuvuka na godoro. Nilivuka na sufuria, na mkono wa huyu mtoto." Nilitafsiri. Mwongozaji alifikiri kidogo, akasema godoro linaonekana kwa mbali. Bibi akatembea mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka, kwa sababu vijana waliokuwa wanaoga walimpigia kelele, "Bibi, unahamia wapi tena?"

Jioni tukarudi kwake kwa mahojiano. Jua lilikuwa linazama na mpiga kamera alikuwa anaangalia saa. Bibi aliulizwa siku ya kukimbia ilikuwaje, naye akasema kwa dakika tisa. Kijana wa mikro ndiye aliyehesabu.

Alisema hivi. Baraka alikuwa anauza ndagala. Siku mbili kabla ya vita kufika, alichukua kwa jirani yake beseni mbili kwa mkopo, alipe siku ya soko. Siku ya soko haikufika. Usiku kila mmoja alipanda mtumbwi wake, na tangu hapo hajui kama yule mama yuko hai. Kila anayefika kutoka ng'ambo anamuuliza. Kisha akaacha kunitazama mimi, akaitazama kamera, akamsemesha yule mama moja kwa moja, kwa jina lake na jina la mume wake. Akasema deni analikumbuka. Beseni mbili. Akasema: "Watoto wako wasiseme nilikimbia deni. Mimi nilikimbia masasi."

Mimi nikageuka kwa mwongozaji nikatafsiri: Anasema alikimbia usiku, alipoteza kila kitu, biashara yake ya samaki ilikufa.

Ndiyo hivyo. Dakika tisa zikawa sentensi moja, na hiyo sentensi hakuisema yeye. Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Jua lilikuwa linazama, ni kweli. Nilikuwa nimeambiwa nifupishe, ni kweli pia. Lakini kuna jambo la tatu ambalo sikulisema kwa mtu mpaka leo. Niliona deni la ndagala ni jambo dogo, tena la aibu kidogo. Nilijua wageni wale wametafuta nini, nikawapa kabla hawajaomba. Walitaka mtu aliyepoteza kila kitu. Bibi alikuwa anasema ana kitu ambacho hakukipoteza, yaani neno lake kwa jirani, nami nikakitupa.

Filamu ilikatwa na kuungwa Ulaya, na mtu wa montaji asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Alifuata maneno yangu. Pale bibi alipomsemesha jirani yake, yeye aliona mwanamke mzee anasema kitu ambacho hakina tafsiri, akakata.

Tangu hapo nimekuwa natazama dokumentari kwa jicho jingine. Nilitaka kujua kama kuna mtindo ambao kosa langu lisingeweza kutokea ndani yake.

Mtindo tunaoujua wengi ni ule wa sauti. Picha zinapita, na mtu usiyemwona anakueleza unachokiona: hii ni njaa, huyu ni yatima, hapa pana matumaini. Sisi tuliokulia vibanda vya video tuna ndugu yake sauti hiyo. Ni wale watafsiri wa filamu, kama Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya, wanaochukua filamu ya China au ya Marekani na kuwatia wahusika maneno ya Kiswahili, matusi ya mtaani na ushauri wa ndoa juu yake. Kibandani kila mtu anajua kwamba yule Mchina hakusema vile. Tunacheka kwa sababu tunajua. Na Mchina mwenyewe ni mwigizaji aliyelipwa. Kwenye filamu ya msaada uso ni wa mama fulani wa Musasa au Kavumu, sauti inasema kwa upole na Kifaransa kizuri, na hakuna anayecheka. Ndiyo maana wapiga filamu wengi wa leo wanaikimbia sauti hiyo, na wana haki.

Mtindo wa pili ni wa kupanga tukio. Watu wanaudharau, lakini ni wa zamani kuliko sauti. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa *Nanook of the North*, filamu ya Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada, ambayo wengi wanaiita mama wa dokumentari zote. Yule Nanook jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Watu wake walikuwa tayari wanawinda kwa bunduki, lakini Flaherty aliwataka wawinde kwa mkuki kama mababu zao. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Niliposoma hayo nilikumbuka godoro letu, nikaona aibu. Niliamua kwamba bibi ameonewa pale ufukweni.

Basi nikaenda kumwomba radhi kwa lile godoro. Alishangaa. "Godoro? Ile ilikuwa mchezo," alisema. "Kila mutu aliniona nacheza." Alikuwa hata amewasimulia majirani, na mjukuu anaigiza jinsi bibi alivyokuwa anatembea. Godoro halikumuumiza hata kidogo. Alirudi kwenye lile lile la kwanza, yale maneno yake. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hesabu yangu ya aibu nilikuwa nimeipanga vibaya.

Mtindo wa tatu ndio walioufuata wageni wetu. Ulipata nguvu Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kamera zilipokuwa nyepesi za kubebwa begani na sauti ikaweza kunaswa pamoja na picha. Hakuna msimulizi, na wengine kama Frederick Wiseman hawakufanya hata mahojiano. Kamera inakaa, inangoja, inatazama. Mkongo wetu Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, anafanya kazi kwa namna iliyo karibu na hiyo. Mwaka 2020 alitoa *En route pour le milliard*. Anafuatana na watu waliokatwa miguu na mikono katika vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa watu. Wanateremka mto Kongo kwa boti mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Mvua inanyesha juu yao, wanagombana, wanaimba, wanapika. Hakuna sauti inayotueleza tuhisi nini.

Lakini angalieni alichofanya Hamadi. Katikati ya safari anaweka mchezo wa jukwaani, ambao wale wale walioumia wanauigiza wenyewe: vita vyao, miili yao. Kwa hiyo ndani ya filamu ya kutazama tu kuna tukio la kupangwa, na ni wenyewe wanaoliigiza. Pia Hamadi anaijua nchi yao na lugha zao. Mtu akisema jambo dogo la deni mbele ya kamera yake, hahitaji mtu kama mimi kuamua kama ni dogo.

Hapa nikaelewa lililotupata. Wageni wetu walitupa msimulizi nje kupitia mlango, naye akarudi kupitia dirisha, na dirisha lilikuwa mimi. Kila anayekuja na mtindo wa "hatusemi, tunaangalia" katika lugha asiyoijua ana msimulizi wake. Msimulizi huyo anakaa nyuma ya kamera, analipwa kwa siku, na sauti yake inatoka kama maandishi chini ya uso wa mtu mwingine. Mtazamaji wa Geneva anaamini amemsikia bibi, kumbe amenisikia mimi.

Mtindo wa nne umenifundisha zaidi. Mwaka 1957 Jean Rouch, Mfaransa, alikuwa Treichville, mtaa wa Abidjan, akipiga picha vijana wa Niger waliohamia kule kutafuta kibarua. Kamera yake haikunasa sauti. Baadaye alimkalisha mmoja wao, Oumarou Ganda, mbele ya picha zake mwenyewe, akamwomba aseme anachotaka. Ganda akajisemea: alivyokuwa, alivyotamani kuwa, alivyochoka. Filamu ikatoka 1958 kwa jina la *Moi, un Noir*. Miaka miwili baada ya hapo, huko Paris, Rouch na Edgar Morin walipiga *Chronique d'un été*, wakawauliza watu kama wana furaha, kisha wakawaonyesha wenyewe filamu na kuwaacha waijadili. Majadiliano hayo, hata lawama, wakayaweka ndani ya filamu.

Msinielewe vibaya, Rouch hakuwa malaika. Mwaka 1965 Sembène Ousmane wa Senegal alimwambia uso kwa uso kwamba watu kama yeye wanawatazama Waafrika kama wadudu. Na Ganda mwenyewe hakutosheka na kusemea picha za mtu mwingine. Akashika kamera yake, na mwaka 1969 akatoa *Cabascabo*, juu ya askari wa Niger aliyerudi kutoka vita vya Ufaransa huko Indochina, vita alivyopigana yeye mwenyewe. Lakini ule mpango wa kumrudishia mtu picha yake kabla haijafungwa, umwambie "haya, sema", nauona ni heshima ambayo bibi wa Baraka hakuipata. Angeipata, mjukuu angesoma maandishi miezi kabla ya makofi.

Kuna na mtindo wa tano, wa kusema "mimi". Burundi nayo ina wake. Nchi hii haina filamu nyingi. *Gito l'ingrat* ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Mrundi, na huyo huyo Ngabo ndiye aliyeanzisha tamasha la FESTICAB mwaka 2009, ambapo vijana wengi wa hapa waliona kwamba kumbe filamu inaweza kusema Kirundi. Eddy Munyaneza, baada ya mgogoro wa 2015 kumtoa nchini, alirudi kwa siri na kamera yake, na mwaka 2018 akatoa *Lendemains incertains*. Hajifichi nyuma ya picha. Anasema mimi niliondoka, mimi nimerudi, mimi ninatafuta. Anayefanya hivyo anaitia nafsi yake katika hatari ile ile anayowatia wenzake. Mtazamaji anajua habari zimetoka kwa nani, na akitaka kubisha anajua wa kubishana naye.

Sasa nirudi kwenye swali. Je, upo mtindo usioweza kusema uongo? Naona hapana. Kuna rafiki yangu mwalimu aliyenipinga vikali nilipomsomea rasimu hii. Alisema: "Kila filamu inakata. Watu ishirini wakipewa dakika tisa tisa, nani atakaa kutazama? Na wewe mwenyewe hapa umekata." Ana haki. Nimekata. Jina la yule mama wa beseni mbili nimeliacha kwa makusudi, kwa usalama wake, na bibi amekubali. Kukata ni kazi ya kila anayesimulia, hata nyanya zetu jioni. Kosa langu lilikuwa kukata mahali ambapo hakuna mtu aliyeweza kuona kwamba pamekatwa. Mwongozaji hakujua Kiswahili, bibi hakujua Kifaransa. Mimi peke yangu nilisimama kati yao na nilijua yote mawili. Mtu akiwa peke yake mahali pa namna hiyo, hana wa kumsahihisha isipokuwa dhamiri yake, na dhamiri nayo siku ile ilikuwa inaangalia saa.

Kwa hiyo sasa nikitazama filamu sijiulizi kwanza kama ina msimulizi, au kama tukio limepangwa. Najiuliza: huyu mtu angeweza kusema "hapana, sivyo" mahali gani? Kwenye godoro bibi angeweza kukataa. Alikuwepo, aliona, alicheka. Kwenye maandishi hakuwepo. Karatasi ya ruhusa aliyoiwekea kidole gumba, ambayo pia niliitafsiri mimi, ilisema picha yake inaweza kutumika. Juu ya maneno yake haikusema neno.

Kwenu wa mashirika nina ombi dogo. Mkileta wapiga filamu, lipeni mtu wa pili asikilize sauti yote na kuandika kila neno kabla ya montaji, asiwe yule yule aliyekuwepo siku ya kupiga. Na filamu irudi kwa watu ikiwa bado inakatika. Ikishakauka, kinachorudi ni fanta tu. Kwenu ndugu zangu wa kambini: hamna lazima ya kukataa kamera. Lakini muulize nani atatafsiri, na baada ya mkalimani kusema, muulizeni, "Umewaambia nini?" Mkalimani mwema hatakasirika. Mimi ningeulizwa vile jioni ile, ningerudia kwa ukamilifu, nawahakikishia.

Nilimwandikia mwongozaji nikamweleza yote. Alijibu kwa adabu kwamba ameumia kusikia, ila filamu imekwisha, imeshapelekwa inakokwenda. Simlaumu sana. Alipewa sentensi moja akaitunza.

Kwa bibi, wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nilikwenda kwake Jumapili moja na simu yangu, nikaiegemeza kwenye sufuria, ile ile ya ziwani. Akasema upya. Katikati pikipiki ilipita, kuku akaingia, na bibi akasimama kabisa: "Ngoja, tuanze tena, nimesahau kusema kitenge." Kumbe pamoja na beseni mbili kulikuwa na kitenge alichoazima. Tukaanza tena, hivyo hata video hii ni ya kurudia. Mwisho nilimwekea asikilize yote, akiwa na mjukuu. Akasema hakuna cha kutoa. Zikawa dakika kumi na moja.

Niliituma kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Baraka na Fizi, wa Burundi, wa Nyarugusu, wa ng'ambo huko. Watu wengi wamemsalimu bibi. Wengine wameandika kwamba wanamkumbuka na ndagala zake, kwamba kipimo chake kilikuwa cha haki. Juu ya yule mama, hakuna mtu aliyeandika kitu. Juzi nilipita kwa bibi, akaniuliza kama kuna jibu. Nikamwambia bado.

"Basi itume tena," akasema. "Ile yote."